Sauti ya Nyuzi na Sauti ya Namba: Kuchagua Piano ya Nyumbani

Umekwisha kujifunza kwamba sauti hutokea kitu kinapotetema. Ngozi ya ngoma hutetema ikipigwa, na uzi wa zeze hutetema ukisuguliwa kwa uta. Katika somo hili tutautumia ujuzi huo kutatua jambo linaloweza kuikabili nyumba yoyote, hata nyumba ya kwenu.

Tuseme kwamba mama yako mkubwa anakaa Lizaboni, katika mji wa Songea. Yeye ni mwalimu wa kwaya. Kwa misimu mitatu ameweka akiba sehemu ya fedha alizopata kwa kuuza mahindi, na sasa anataka kununua piano ili awafundishe watoto nyumbani kwake. Ameonyeshwa piano mbili. Ya kwanza ni piano ya nyuzi, kuukuu, ya mbao, kubwa kama kabati la nguo. Ya pili ni piano ya kidijitali, mpya, nyembamba, inayotumia umeme. Bei zake zinakaribiana. Fedha alizo nazo zinatosha kununua moja tu, na akikosea itambidi angoje mavuno mengine matatu. Je, utamshauri nini?

Usijibu kwanza. Tutazame jinsi kila moja inavyofanya kazi.

PIANO YA NYUZI

Jaribio la 1

Chukua mpira mwembamba wa kufungia karatasi na kopo tupu la bati lisilo na kifuniko. Uvute mpira kati ya vidole vyako viwili, na mwenzako aupige kwa ukucha. Sikilizeni. Sasa uvisheni mpira huo juu ya mdomo wa kopo, mkaupige tena. Ni mara ipi sauti imekuwa kubwa zaidi?

Mmesikia kwamba sauti ya pili ni kubwa zaidi. Mpira peke yake ni mwembamba, kwa hiyo husukuma hewa kidogo tu. Ukiwa juu ya kopo, mtetemo wake hulitikisa kopo zima, na kopo husukuma hewa nyingi. Ndiyo sababu zeze hufungiwa kibuyu, na marimba ya Wagogo huwa na sanduku la mbao chini ya vyuma vyake. Sasa uvuteni mpira ukazike zaidi, mkaupige. Sauti imekuwa nyembamba zaidi, kwa kuwa uzi uliokazwa hutetema kwa haraka zaidi kuliko uzi uliolegea.

Piano ya nyuzi hufuata kanuni hizo mbili. Ukifungua mfuniko wake utaona nyuzi za feleji, karibu 230. Piano ya kawaida ina vibao 88 vya kubonyeza, ambavyo tutaviita vibonye: vyeupe 52 na vyeusi 36. Ukibonyeza kibonye kimoja, nyundo ndogo ya mbao iliyovikwa sufu nzito hurushwa, huupiga uzi, kisha hurudi nyuma upesi ili uzi upate nafasi ya kutetema. Sauti nyingi za piano zina nyuzi tatu tatu zinazopigwa pamoja na nyundo moja. Sauti nene kabisa zina uzi mmoja mmoja tu, lakini uzi huo ni mrefu na umezungushiwa waya wa shaba ili uwe mzito na utetema polepole. Uzi wa sauti ya chini kabisa hutetema mara 27 na nusu kwa sekunde moja. Ule wa juu kabisa hutetema zaidi ya mara 4,000.

Nyuma ya nyuzi kuna ubao mpana na mwembamba, uliobinuka kidogo katikati. Huo ni ubao wa sauti. Ubao huo hufanya kazi ile ile iliyofanywa na kopo lako.

Fundi wa kwanza kutengeneza kinanda cha namna hii alikuwa Bartolomeo Cristofori, Mwitalia aliyefanya kazi katika mji wa Florence. Alikitengeneza karibu na mwaka 1700. Watu walikipenda kwa sababu mpigaji aliweza kutoa sauti ndogo kwa kubonyeza taratibu na sauti kubwa kwa kubonyeza kwa nguvu. Jina lenyewe latokana na maneno ya Kiitalia yenye maana ya sauti ndogo na sauti kubwa.

Fikiri sasa juu ya nguvu iliyomo ndani ya kabati hilo. Ukijumlisha mvuto wa nyuzi zote 230 utapata zaidi ya tani 15. Huo ni sawa na uzito wa magunia 150 ya mahindi, kila gunia likiwa na kilo 100! Mbao peke yake haziwezi kustahimili mvuto huo kwa miaka mingi. Kwa hiyo ndani ya piano mna fremu nzito ya chuma cha kusubu, na ndiyo maana piano ndogo ya kusimama huweza kuzidi kilo 200. Mama mkubwa asidhani kwamba vijana wawili wataibeba kwa mkokoteni.

HALI YA HEWA NA UBAO

Songea ina majira ya mvua kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki huwa mikavu. Bila shaka umeona kwamba mlango wa mbao uliofunga vizuri mwezi wa Septemba huweza kukwama mwezi wa Februari. Kwa nini?

Jaribio la 2

Omba kwa seremala kipande cha ubao mwembamba, mkavu, chenye upana wa sentimita 20 hivi. Pima urefu wake na upana wake kwa uangalifu, uviandike. Kitumbukize ndani ya ndoo ya maji, ukiwekee jiwe juu ili kisielee. Baada ya siku tatu kitoe, ukipime tena.

Utaona kwamba urefu haukubadilika, au umebadilika kidogo sana usiweze kuupima kwa rula. Lakini upana umeongezeka kwa milimita kadhaa. Mbao hunywa maji na kuvimba kukata mishipa yake, si kufuata mishipa hiyo. Si lazima uziloweke. Hata unyevu ulio katika hewa huzivimbisha kidogo.

Ubao wa sauti wa piano hufanya vivyo hivyo. Wakati wa mvua huvimba, hubinuka zaidi, na kuzisukuma nyuzi zilizo mbele yake. Nyuzi hukazika, na sauti hupanda. Wakati wa kiangazi ubao husinyaa, nyuzi hulegea, na sauti hushuka. Tena nyuzi hazipandi wala hazishuki kwa kiasi kimoja. Zile za katikati hubadilika zaidi, na kwa hiyo sauti hazipatani.

Hapa pana jambo la kustaajabisha kidogo. Huenda umewaona wapiga ngoma wa lizombe wakiziweka ngoma zao karibu na moto kabla ya kuanza. Ngozi ikipata unyevu hulegea, na sauti ya ngoma huwa nzito. Moto huikausha na kuikaza. Basi unyevu ule ule hushusha sauti ya ngoma na kupandisha sauti ya piano. Usipoelewa sababu ya kila moja utadhani kwamba mambo hayo mawili yanapingana.

Mpiga ngoma anaweza kuitengeneza ngoma yake mwenyewe kwa dakika chache. Piano huhitaji fundi. Fundi huyo hukaza au kulegeza misumari inayoshika nyuzi, mmoja baada ya mwingine, akisikiliza kila sauti. Sauti moja iliyo juu kidogo ya katikati ya piano huwekwa kwenye mitetemo 440 kwa sekunde, na nyingine zote hulinganishwa nayo. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Piano ya nyumbani huhitaji kulinganishwa mara mbili kwa mwaka hivi. Hapa Songea inafaa iwe mara moja katikati ya mvua, na mara ya pili baada ya mvua kwisha na mbao kutulia.

Fundi wa piano hapatikani katika kila mji kama alivyo fundi baiskeli. Akilazimika kutoka Dar es Salaam, atasafiri zaidi ya kilomita 900 kuja, na nyingine kama hizo kurudi. Nauli yake, chakula chake na malazi yake ni sehemu ya bei ya piano, ingawa muuzaji hataitaja.

KUICHUNGUZA PIANO KUUKUU

Mwambie mama mkubwa asilipe hata shilingi moja kabla ya kuifungua piano na kuitazama ndani akiwa na tochi. Abonyeze vibonye vyote 88, kimoja kimoja. Kila kimoja kitoe sauti na kuinuka chenyewe. Akisikia sauti moja inayumba, kana kwamba inapanda na kushuka kama mawimbi, ajue kwamba nyuzi tatu za sauti hiyo hazilingani. Hilo ni jambo dogo, fundi ataliondoa. Lakini ikiwa msumari wa kushikia uzi umelegea hata ukikazwa unarudi, hilo si dogo. Ubao unaoshika misumari umechoka au umepasuka, na piano hiyo haitakaa katika sauti yake hata siku mbili.

Atazame pia kutu juu ya nyuzi. Autazame ubao wa sauti kwa nyuma, aone kama una nyufa. Agonge mbao za chini kwa ukucha: penye mlio mtupu, mchwa wameingia. Sufu ya nyundo huliwa na wadudu wale wale wanaotoboa blanketi, na panya huipenda kwa kutandikia viota. Mavi ya panya ndani ya piano si dalili ya kucheka nayo.

Kisha avitazame vibonye vyeupe. Katika piano za siku hizi ni plastiki. Katika piano nyingi za zamani vilifunikwa kwa vipande vyembamba vya pembe za ndovu, na pembe nyingi za namna hiyo zilitoka huku kwetu. Katika karne ya 19 misafara ilizichukua pembe kutoka bara, pamoja na njia iliyotoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa, na watumwa wengi walilazimishwa kuzibeba. Zilikusanywa Unguja, zikapakiwa merikebuni, na nyingi zikapelekwa katika jimbo la Connecticut, Marekani. Huko viwanda vya miji midogo ya Deep River na Ivoryton vilizikata kuwa vibonye. Mtoto aliyejifunza piano mbali huko aliweka vidole vyake juu ya ndovu wa Afrika ya Mashariki, na pengine hakujua. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kuzuia biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizodai jambo hilo. Kwa hiyo anayeuza piano yenye vibonye vya pembe aulizwe kwanza kuhusu hati zake.

PIANO YA KIDIJITALI

Ndani ya piano ya kidijitali hamna nyuzi wala ubao wa sauti. Sauti inatoka wapi basi?

Jaribio la 3

Laza redio chali, kipaza sauti chake kikiwa juu. Weka juu yake kipande cha karatasi, na juu ya karatasi punje chache za mchele. Fungulia muziki, uongeze sauti kidogo kidogo. Punje zinafanya nini?

Punje hurukaruka, kwa kuwa kipaza sauti kinatetema. Ndani yake kuna waya uliosokotwa karibu na sumaku. Umeme unaobadilika ukipita katika waya huo, waya huvutwa na kusukumwa, nao hulisukuma karatasi gumu lililoshikamana nao. Hewa hutetema, nasi husikia. Piano ya kidijitali hutoa sauti yake kwa njia hiyo hiyo.

Sasa kipaza sauti hujuaje kutetema kama piano? Chora mstari wa mawimbi kwenye karatasi ya miraba. Katika kila mraba andika namba ya kimo cha mstari: 3, 5, 6, 5, 3, na kuendelea. Mpe mwenzako namba hizo tu, bila kumwonyesha mchoro. Yeye aweke nukta kufuatana na namba, kisha aziunganishe. Atapata mstari unaofanana na wako. Miraba ikiwa midogo zaidi, mistari yenu itafanana zaidi.

Watengenezaji wa piano za kidijitali hufanya hivyo hivyo. Huchukua piano nzuri ya nyuzi, wakainasa sauti ya vibonye vyake kwa kipimo cha namba. Katika mashine nyingi za muziki mtetemo hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde. Namba hizo hutunzwa ndani ya kifaa kidogo cha kumbukumbu. Ukibonyeza kibonye, vihisio hupima umekibonyeza kwa kasi gani, mashine huzitafuta namba zinazofaa, huzigeuza kuwa umeme, na kipaza sauti hutetema. Hayo yote hufanyika kabla hujahisi kwamba umengoja.

Namba hazivimbi wakati wa mvua. Kwa hiyo piano hii haihitaji kulinganishwa kamwe. Nyingi zina uzito wa kilo 12 hivi zikiwa bila meza yake, na mpigaji anaweza kuvaa visikizio masikioni ili mtoto mchanga wa jirani asiamshwe. (Asivipandishe mno, masikio yakidhuriwa hayaponi.) Hutumia umeme kidogo, mara nyingi chini ya wati 30.

Hata hivyo haiwezi kupiga bila umeme. Mji wa Songea ulitegemea sana jenereta za dizeli hadi mwaka 2018, ulipounganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya kilovolti 220 inayotoka Makambako. Umeme wa gridi nao hukatika mara nyingine, na unaporudi huweza kurudi kwa kishindo. Radi ni adui mkubwa zaidi. Mawingu yakianza kunguruma upande wa milima ya Matogoro, piano ichomolewe ukutani. Kuizima kwa swichi tu hakutoshi, kwa sababu umeme wa radi huweza kuruka pengo dogo la swichi.

Kuna tofauti nyingine ambayo haiandikwi katika karatasi ya bei. Ukipata nafasi ya kukaribia piano ya nyuzi, bonyeza kibonye kimoja polepole sana hata kisitoe sauti, ukishikilie chini. Kisha imba sauti ya kibonye hicho kwa nguvu, unyamaze ghafla. Utasikia piano ikiendelea kuimba. Mitetemo ya koo lako imefika kwenye uzi, na uzi umeitikia. Piano ya kidijitali hutaiimbia ikakujibu. Mwalimu wa kwaya ataliona jambo hilo kuwa kubwa, na hatutamlaumu.

SHAURI

Hebu turudi Lizaboni. Nyumba ya mama mkubwa ina paa la bati, na mchana huwa na joto kali, usiku baridi, hasa mwezi wa Juni na Julai. Umeme upo. Fundi wa piano wa karibu hamjui.

Katika hali hiyo sisi tungenunua ile ya kidijitali. Lakini si ya kila aina. Iwe na vibonye vyote 88, tena viwe vizito kama vya piano ya nyuzi. Zipo zenye vibonye vyepesi kama vya mwanasesere, na mtoto aliyezoea hivyo atashindwa siku atakapokaa mbele ya piano halisi, kwa kuwa vidole vyake havikupata nguvu. Aifunike kwa kitambaa dhidi ya vumbi, na anunue kifaa cha kuzuia umeme uliozidi.

Shauri hilo lingebadilika kama Songea angekuwapo mtu aliyejifunza kulinganisha nyuzi, na ile piano kuukuu ikaonekana nzima ubao wake na misumari yake. Piano ya nyuzi iliyotunzwa huishi miaka mingi kuliko aliyeinunua. Uzi ukikatika, fundi hufunga mwingine. Nyundo ikichakaa, huvikwa sufu mpya. Piano ya kidijitali, bamba lake la umeme likiungua baada ya miaka 15, huenda kiwanda kimekwisha kuacha kutengeneza bamba la namna hiyo, na hapo hubaki kuwa meza. Ile ya nyuzi isiwekwe dirishani wala karibu na jiko, bali kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua.

MASWALI

1. Kwa nini sauti nene kabisa za piano hutolewa na nyuzi ndefu zilizozungushiwa shaba?

2. Mwezi wa Januari, mvua zikinyesha, ngozi ya ngoma imelegea lakini nyuzi za piano zimekazika. Eleza sababu ya kila jambo.

3. Ubao wenye upana wa sentimita 20 uliongezeka milimita 6 baada ya kulowekwa. Ubao wa namna hiyo hiyo wenye upana wa sentimita 120 ungeongezeka milimita ngapi?

4. Mashine hupima mtetemo mara 44,100 kwa sekunde. Itapata namba ngapi katika wimbo wa dakika 2?

5. Mama mkubwa amepata habari mpya: mwalimu wa muziki anayejua kulinganisha piano atahamia Songea, lakini atakaa mwaka mmoja tu. Mwandikie mama mkubwa barua fupi. Mweleze kama habari hiyo inabadili shauri letu au haibadili, na umtajie ni nini akichunguze katika piano kuukuu kabla mwalimu huyo hajafika.